Kuuchambua Ubeti wa Shairi kwa Kuanza na Mizani

Mwanafunzi anayeliogopa swali la ushairi aghalabu hukariri orodha ya istilahi, kisha huingia katika shairi akitafuta pa kuzipachika. Inafaa zaidi kushika ubeti mmoja, kuusoma kwa sauti, na kuikuta kila istilahi pale inapofanya kazi. Ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya zoezi hili tu, unahusu karafuu zilizoanikwa Pemba wakati wa msimu:

Karafuu mkekani, jua laziangazia,
Harufuye mitaani, ukipita yanukia,
Wingu linunapo pwani, mama mbio hukimbia,
Azifiche ukumbini, manyunyu yakiwadia.

Anza na mizani, yaani hesabu ya silabi, na uihesabu kwa vidole bila ya kuona haya: ka-ra-fu-u-m-ke-ka-ni, nane. Wengi hukosea katika sauti za puani. Herufi "m" inayotamkwa peke yake, kama mwanzoni mwa "mkekani", ni mizani kamili. Lakini "mbi" ya "ukumbini" ni mizani moja tu, sawa na "pwa" ya "pwani" na "nyu" ya "manyunyu", kwa kuwa konsonanti zote hizo zinaegemea irabu moja. Irabu mbili zikifuatana, kama mwishoni mwa "karafuu", kila moja huhesabiwa mbali.

Ukimaliza kuhesabu, umbo litajitokeza lenyewe. Kila mstari, ambao katika shairi huitwa mshororo, una mizani 16, na mkato unaugawa katika vipande viwili vya mizani 8: cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Vina, yaani sauti zinazofanana mwishoni mwa vipande, ni "ni" kwa vya kati na "ia" kwa vya mwisho. (Msomaji mkali atasema kwamba vina vya "ni" ni rahisi mno, maana kila mahali pana "ni" yake, na atakuwa na haki.) Ubeti wa mishororo minne huitwa tarbia, wa mitatu ni tathlitha na wa mitano ni takhmisa. Mshororo wa mwisho ukirudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo au kiitikio. Ukibadilika ni kimalizio. Utenzi nao una mishororo mifupi, kwa kawaida ya mizani 8, ambapo mitatu ya mwanzo hushirikiana kina na wa nne hubeba kina cha bahari, kinachoendelea hadi beti ya mwisho.

Sasa rudi kwenye "harufuye". Lau ingeandikwa "harufu yake mitaani", mizani ingekuwa 9 na kipande kingepwaya, kwa hiyo maneno mawili yamefupishwa kuwa moja. Huko ndiko kunakoitwa inkisari, na mwanafunzi asiishie kuitaja, bali aeleze kwamba imetumika kutosheleza mizani. Kinyume chake ni mazida, kama "afya" inaporefushwa kuwa "afiya" ili mizani mbili ziwe tatu. Tahadhari moja: katika tungo za washairi wa Pemba, kama Kamange na Sarahani, umbo linaloonekana geni huenda likawa ni lahaja tu, wala si uhuru wa mshairi.

Tamathali za usemi huja baadaye. Wingu "linanuna", tendo la mtu, kwa hiyo hiyo ni tashihisi. Tungesema "wingu jeusi kama masizi" ingekuwa tashbiha, kwa sababu ya kiungo "kama". Tukisema "karafuu ni dhahabu ya Pemba", kiungo kimeondoka na tumepata sitiari. Picha ikifichwa zaidi, hata kinachofananishwa kisitajwe, kama mpenzi anapoimbwa kwa jina la ua katika taarabu, hiyo ni jazanda.

Kwa zoezi la nyumbani, kanga iliyotundikwa kambani inatosha. Chukua jina hili maarufu, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya kanga: "Japo sipati tamaa sikati." Kina cha "ti" kinasikika mara mbili, nalo sikio linaridhika, lakini hesabu kwa vidole, utapata mizani 5 upande wa kwanza na 6 upande wa pili. Jaribu kuipunguza hiyo moja bila ya kulivunja fumbo.