Kulaza boti nangani usiku wa upepo mkali

Nanga haishiki kwa uzito wake tu. Inashika kwa sababu mnyororo umelala chini na unaivuta kwa mlalo, sambamba na sakafu ya bahari, hivyo kadiri boti inavyovuta, ncha inazidi kuchimba. Mnyororo ukiinuka, nanga inavutwa kwenda juu na kung'oka. Kumbuka pia kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma boti huongezeka mara nne.

Fika mahali pa kulala bado kuna mwanga. Tafuta kinga dhidi ya upepo utakaovuma usiku, si ule unaovuma ukifika. Usilale pale ambapo upepo unakusukumia ufukoni: nanga ikilegea, utakuwa juu ya mwamba kabla injini haijawaka. Mchanga na tope gumu ndizo sehemu za kutegemea. Nyasi za bahari zinadanganya, maana nanga hunasa kwenye mizizi ukadhani imeshika, kumbe ncha imezibwa na bonge la majani. Matumbawe yaache kabisa.

Urefu wa mnyororo ndipo wengi wanapojidanganya. Kina cha kupigia hesabu ni cha maji yakijaa, na juu yake uongeze urefu wa omo (sehemu ya mbele ya boti) kutoka usawa wa maji. Mfano: sasa kuna mita 4, maji yatapanda mita 2 zaidi, omo iko mita 1 juu. Jumla mita 7. Kwa mnyororo mtupu, zidisha kwa 7: toa mita 49. Ukitumia kamba yenye kipande cha mnyororo mbele, zidisha kwa 8 hadi 10. Hakikisha pia kwamba maji yakipwa, boti haitagusa chini popote itakapozunguka. Paka mnyororo rangi kila mita 10, la sivyo utakuwa unakisia gizani.

Nenda polepole ukielekea upepo hadi boti isimame. Ikianza kurudi nyuma, teremsha nanga hadi iguse chini, kisha toa mnyororo kwa mwendo uleule wa boti. Usiumwage kwa mkupuo. Utarundikana juu ya nanga na kujisokota kwenye kucha zake. Ukitoa kama mara 3 ya kina, shikilia kidogo ili nanga igeuke na kuanza kuchimba, halafu toa uliobaki.

Sasa ijaribu. Tia gia ya nyuma injini ikiwa taratibu kwa nusu dakika, kisha panda pole pole hadi karibu mizunguko 2,000 kwa dakika na ushikilie dakika nzima. Weka kiganja kwenye mnyororo mbele ya winchi (mashine ya kuvuta mnyororo): ukitetemeka na kugutuka, nanga inaburura, ukikaza kimya, imeshika. Tazama ubavuni vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mti na nyumba kwa mfano. Vikiachana na kuendelea kuachana, unarudi nyuma. Ikishindikana mara mbili hapo hapo, pandisha nanga, isafishe, hama.

Winchi haikuundwa kubeba mivutano ya usiku kucha. Funga kamba ya nailoni ya mita 8 hadi 10 kwenye mnyororo, kwa ndoana ya mnyororo au fundo lisiloteleza, na ncha ya pili kwenye nguzo ya omo. Legeza mnyororo hadi mzigo uhamie kwenye kamba, ambayo itavutika na kumeza mishtuko. Inapopita ukingoni ivishe kipande cha mpira wa bomba, maana ni hapo inapokatika. Shusha na turubai la kivuli, ambalo ni tanga usilolihitaji.

Kengele ya nanga kwenye GPS, inayolia boti ikitoka nje ya duara uliloweka, iwekwe pale nanga ilipoangukia, si pale boti ilipo. Nusu kipenyo cha duara hilo kiwe urefu wa mnyororo na wa boti, na mita chache za ziada. Washa taa nyeupe inayoonekana pande zote. Jirani aliyelala kwa kamba huzunguka mbali kuliko wewe wa mnyororo, kwa hiyo mwachie nafasi.

Kengele ikilia, washa injini kwanza, ndipo utoe mnyororo zaidi kama nyuma kuna nafasi. Boti ikiendelea kurudi, ng'oa nanga na uanze upya, huku mmoja akiwa kwenye usukani tangu mwanzo hadi mwisho.