Jinsi ya Kuandaa Kikao cha Kuonja Bia za Msimu

Kikao cha kuonja bia hutofautiana na unywaji wa baa kwa kuwa kila anayehudhuria huja na chupa aliyoichagua kwa makusudi, kisha chupa hiyo hugawiwa wote kidogo kidogo. Desturi hii imekomaa sana Marekani na Ulaya, ambako viwanda vidogo hutoa bia maalumu kwa msimu mmoja tu wa mwaka, lakini hakuna kinachomzuia mtu wa Nairobi au Arusha kuifuata, mradi chupa zimpate zikiwa salama. Watu sita hadi wanane wanatosha, maana wakizidi hapo chupa moja ya mililita 330 haitawaenea.

Anza kwa kukubaliana juu ya maudhui ya kikao. Ukiwaachia wageni walete chochote, unaweza kujikuta na stauti (bia nyeusi) nne nzito na huna bia hata moja ya kufungulia kinywa. Msimu ni maudhui mazuri kwa sababu una mantiki yake. Huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, amri ya mwaka 1553 ilikataza kutengeneza bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa kuwa joto la kiangazi liliiharibu. Kwa hiyo bia ya Märzen ilipikwa mwezi Machi ikiwa na nguvu kiasi, ikahifadhiwa mahali pa baridi na kunywewa hadi vuli. (Bia inayouzwa leo katika mahema ya Oktoberfest, tamasha la bia la Munich, ni ya rangi ya dhahabu na ni nyepesi kuliko Märzen ya zamani, mimi ningechagua ile ya zamani.) Wallonia, nchini Ubelgiji, bia za saison zilitengenezwa mashambani wakati wa baridi ili wafanyakazi wapate kinywaji wakati wa mavuno. Ukiziweka bia hizi mbili mezani pamoja na moja ya Krismasi, utakuwa umeuzunguka mwaka mzima wa Ulaya kwa chupa tatu.

Jambo linalowaponza wengi ni umri wa bia. Kiwanda cha Sierra Nevada cha Chico, California, hutoa bia mbili za majira ya baridi zinazolieleza suala hili vizuri. Celebration ni IPA (bia chungu yenye hopsi nyingi) ya asilimia 6.8 ya kilevi inayotengenezwa kwa hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, za mavuno mapya, na uzuri wake wote umo katika harufu ya hopsi hizo, ambayo hufifia miezi inavyopita. Mwenye chupa hiyo aifungue mapema, ndani ya miezi mitatu hivi. Bigfoot, kwa upande mwingine, ina asilimia 9.6, ni nzito na chungu, na inaweza kukaa kwa miaka huku uchungu ukilainika na utamu wa kimea ukijitokeza. Wakipatikana watu wawili wenye Bigfoot za miaka tofauti, zifunguliwe pamoja, kwa kuwa tofauti kati yake hufundisha zaidi ya maelezo yoyote. Bia iliyozeeka vibaya utaitambua kwa harufu ya karatasi ya boksi iliyoloa maji, nayo hutokana na oksijeni iliyobaki ndani ya chupa, na joto huharakisha uharibifu huo.

Mwanga ni adui mwingine. Miale ya jua huvunja viambato vya hopsi na kuzalisha harufu kali kama ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, ya kijani huzuia kidogo tu, ilhali kopo huizuia yote. Kwa hiyo usinunue chupa ya kijani iliyokaa dirishani mwa duka, hata ikiwa bei yake inavutia. Nyumbani, simamisha chupa wima mahali penye giza na ubaridi ili mashapo ya hamira yatulie chini. Anayesafiri na chupa kwa ndege azitie kwenye begi linalokwenda kwenye shehena, kila moja ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na kuzungushiwa nguo, katikati ya begi na si pembeni. Pia aulize mapema kiasi kinachoruhusiwa na forodha ya nchi anayokwenda. Aliyeko Marekani asijaribu kutuma bia kwa posta ya serikali, kwa sababu ni marufuku.

Mgeni kutoka Kilimanjaro anaweza kutaka kuleta mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na akaribishwe kwa mikono miwili, kwa sababu uchungu wa gome la msesewe unaweza kulinganishwa moja kwa moja na ule wa hopsi. Hata hivyo, asiifunge kwenye chupa ya kioo yenye kizibo kigumu. Mbege huendelea kuchacha njiani, na gesi yake inaweza kuipasua chupa. Aibebe kwenye dumu lenye kifuniko kilicholegezwa, na inywewe siku hiyohiyo.

Siku yenyewe, osha glasi kwa sabuni, zisuuze sana na uziache zikauke bila kufutwa. Glasi yenye mafuta huua povu, na viputo vikiganda kwenye kuta zake ujue haijatakata. Usigandishe glasi kwenye friza, kwa kuwa ubaridi uliopita kiasi hufisha ladha. Laga (bia iliyochachushwa kwenye ubaridi) hupendeza ikiwa na nyuzijoto 4 hadi 7, eli nyingi (zilizochachushwa kwenye joto zaidi) 8 hadi 12, na zile nzito kama Bigfoot zaidi kidogo ya hapo. Katika joto la pwani, robo saa nje ya friji inatosha kwa bia nzito.

Umiminaji unahitaji mkono mtulivu. Panga glasi zote mstari mmoja, inamisha chupa mara moja na uzipitie zote bila kuirudisha wima, kwa sababu kila unapoiinua na kuiinamisha tena mashapo huvurugika, na anayehudumiwa mwisho hupata tope. Bia ya ngano ya Kijerumani ina utaratibu wa kinyume. Hamira yake ni sehemu ya ladha, kwa hiyo bingirisha chupa taratibu juu ya meza kabla ya kuifungua ili wote wapate sawa.

Nenda kutoka bia nyepesi hadi nzito. Za moshi, ambazo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni, kama zile za Bamberg, Ujerumani, zenye harufu ya nyama iliyokaushwa motoni, ziwekwe mwishoni, maana hubaki kinywani na kuharibu zinazofuata. Kati ya bia na bia watu wanywe maji na kula mkate mkavu. Karanga za chumvi na pilipili zisubiri. Kila mmoja anuse, aonje na aandike neno lake kabla ya yeyote kusema, la sivyo maoni ya msemaji wa kwanza yatakuwa ya wote. Ukitaka kuwapima zaidi, funika chupa kwa mifuko ya karatasi.

Weka ndoo ya kumwagia, na asitokee mtu wa kumcheka anayeitumia. Mililita 60 za kila bia, kwa bia nane zenye wastani wa asilimia 7, zina kilevi sawa na chupa moja na theluthi ya nusu lita ya bia ya asilimia 5, na anayeongezewa mara mbili hufika mbali bila kujua. Atakayeendesha gari ateuliwe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, naye anuse tu, kisha awekewe chupa moja ya kwenda nayo nyumbani.