Kabla Hujaenda Kupiga Picha za Migodi, Viwanda na Mitambo ya Umeme

Ardhi iliyogeuzwa na viwanda ni hodari wa kudanganya macho. Mwaka 1996, karibu na Sudbury nchini Kanada, mpigapicha Edward Burtynsky alinasa mto mwekundu kama moto ukikatiza ardhi nyeusi. Asiyeambiwa ataapa kwamba ni volkano. Kumbe ni maji yatokayo kwenye mabaki ya uchimbaji wa nikeli, na wekundu ule ni kutu ya chuma. Ndiyo maana kusoma nakuweka mbele ya kila kitu, hata kuchagua lenzi. Jua kinachochimbwa au kuchomwa pale, na mabaki yake yanaishia wapi. Bila hayo utarudi na rangi za kupendeza tu.

Minara ya kupoozea ya mitambo ya umeme, ile mipana yenye kiuno, imewaumbua wengi. Wingu jeupe linalotoka humo ni mvuke wa maji, na asubuhi ya baridi hutanda zaidi. Mitambo ya nyuklia nayo huutoa. Hewa ukaa ya mtambo wa makaa ya mawe haionekani. Hutoka kwenye dohani ndefu ya jirani, ambayo pengine haionyeshi hata uzi wa moshi. Lakini piga mnara jua likiwa nyuma ya mvuke, wingu litatoka jeusi, na picha itapamba habari ya uchafuzi ambayo haihusiani nalo. Amua mapema picha yako itadai nini, kisha jiulize kama kinachoonekana kinaweza kulibeba dai hilo. Gesi ya methani inayovuja kwenye kisima cha mafuta au gesi, kwa mfano, huwezi kuinasa kwa kamera ya kawaida. Inahitaji kamera maalumu ya infraredi.

Baada ya hapo fungua picha za setilaiti. Hifadhi ya Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za ardhi, inaanzia 1972 na tangu 2008 haina malipo. Zitazame mwaka baada ya mwaka uone shimo linaelekea upande gani, kwa sababu mgodi wa wazi husogea. Garzweiler, mgodi wa makaa nchini Ujerumani, ulisababisha kanisa la Immerath kubomolewa Januari 2018 na kijiji cha Lützerath Januari 2023. Ramani ya zamani mahali kama hapo itakupeleka kwenye barabara inayoishia hewani.

Ruhusa isiachwe mpaka siku ya safari. Nchi nyingi huhesabu mitambo ya umeme, mabwawa na bohari za mafuta kuwa maeneo nyeti, na si kila mahali kusimama kwenye barabara ya umma kunakukinga. Omba kwa maandishi, tembea na nakala ya jibu. Kwa droni, kikomo cha kawaida Ulaya na Marekani ni kama mita 120 kutoka ardhini, na sheria za eneo husika zinaweza kubana zaidi. Jihadhari na nyaya za msongo mkubwa na vyuma vizito, huvuruga dira yake. Ziara inayoandaliwa na kampuni yenyewe ina faida, ila tarajia kuonyeshwa kitalu cha miche kabla ya kuonyeshwa shimo.

Usalama ndio unaostahili muda mrefu kuliko yote. Bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodi, hukauka juu likafanana na uwanja wa mpira, chini bado ni uji unaommeza mtu, usikanyage. Ukingo wa shimo nao huenda umeliwa kwa chini. Mteremko wa mgodi wa Bingham Canyon huko Utah ulipoporomoka tarehe 10 Aprili 2013 hakuna aliyeumia, kwa kuwa vipimo vilikuwa vimeonyesha mwendo wa miamba na wafanyakazi wakaondolewa mapema. Wewe huna vipimo hivyo, basi kaa mbali, na uliza ratiba ya kulipua baruti. Karibu na visima vya mafuta na gesi kuna haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai bovu. Ni nzito kuliko hewa, hukaa mabondeni, na ikizidi hulemaza pua. Harufu ikikatika ghafla usifurahi: ondoka kuelekea upepo unakotoka, panda juu. Kipimo kidogo cha gesi cha kubana kifuani ni bora kuliko lenzi ya pili.

Vifaa vingine ni vya kawaida: viatu vigumu, kofia ngumu, kizibao cha kuakisi mwanga, betri za akiba. Lenzi ibadilishwe ndani ya gari, vumbi lisiingie kwenye kamera. Piga faili ghafi (RAW). Mabwawa ya lithiamu ya Salar de Atacama, Chile, hubadilika rangi kadiri maji yanavyokauka na chumvi kukolea, kwa hiyo rangi pale ni taarifa. Ukiikoleza kwenye kompyuta umeichafua.

Kuhusu mwanga, usikimbilie machweo. Wapigapicha Wajerumani Bernd na Hilla Becher walipiga matangi ya maji na tanuri za chuma chini ya mawingu, bila vivuli vikali, hata maumbo yakaweza kulinganishwa moja kwa moja. Fikiria pia kipimo cha ukubwa: mashine ya kuchimbia Bagger 293 ina urefu wa mita 96 kwenda juu, lakini bila gari au mtu kando yake huonekana kama kitu cha kuchezea.

Huyo mtu, hata hivyo, aulizwe kwanza. Sura ya mfanyakazi ikitambulika inaweza kumgharimu kibarua, na wanaoishi jirani wana lao la kusema kuhusu shimo hilo kabla hujaliandikia maelezo. Andika jina la mahali, nukta za GPS, uelekeo wa kamera na tarehe palepale, ili mwingine aweze kurudi kusimama hapo, kama bado pana pa kusimama.