Cheti kipya kipo kwenye diski ila Nginx bado inatoa cha zamani

Wakuu mnaotumia Nginx (programu ya seva ya tovuti) na vyeti vya bure vya HTTPS vya Let's Encrypt chekini hii. Nginx inasoma faili la cheti ikiwaka au ikifanyiwa reload (kusoma konfigi upya bila kuzimwa) tu, baada ya hapo inakaa nacho kwenye memori, sasa Certbot (programu inayochukua na kuhuisha vyeti hivyo) inaweza kuhuisha cheti vizuri kabisa na bado watu wanapewa kile cha zamani mpaka siku zake 90 ziishe na brauza ianze kuwatisha wateja. Inawapata sana waliotumia webroot (njia ambayo Certbot inaweka tu faili la uthibitisho kwenye folda ya tovuti) maana hapo Certbot haiigusi Nginx.

Weka skripti ndogo ndani ya /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/ yenye systemctl reload nginx, ipe chmod +x (ruhusa ya kuendeshwa), basi, Certbot itaiendesha yenyewe kila ikihuisha cheti.

Na iwe reload jamani, sio restart! Kwenye reload zinaanzishwa worker mpya (prosesi za Nginx zinazohudumia wateja) zenye cheti kipya, zile za zamani zinamalizia kwanza rikwesti zilizoshika ndo zinazima, kwa hiyo hakatwi mtu katikati ya malipo, na hata ukiwa umekosea konfigi Nginx inaendelea na ile ya mwanzo.

Kuhakiki tarehe za cheti ambacho seva inatoa kweli: echo | openssl s_client -connect domeni-yako:443 | openssl x509 -noout -dates