Mikato ya Kibodi Unapotafsiri Programu kwa Lugha Zisizotumia Herufi za Kilatini

Anayetafsiri programu kwenda Kirusi, Kiarabu, Kigiriki au Kijapani hukutana na vitu viwili ambavyo watu wengi huviita kwa jina moja la mikato ya kibodi, na makosa mengi huanzia hapo. Cha kwanza ni mkato wa amri, kama vile Ctrl+C wa kunakili au Ctrl+Z wa kutengua. Cha pili ni ile herufi iliyopigiwa mstari katika jina la menyu, ambayo ukiibonyeza pamoja na Alt menyu hufunguka. Mkato wa amri usiutafsiri. Herufi ya menyu ni lazima uichague upya, kwa sababu herufi ya Kiingereza haimo tena katika jina ulilolitafsiri.

Katika Word ya Kirusi, kitufe cha herufi nzito kwenye upau huandikwa Ж, kutokana na neno la Kirusi lenye maana hiyo, lakini mkato wake unabaki Ctrl+B. Uamuzi huo ni sahihi, kwani vidole vya mtumiaji vimeshazoea mahali pa kitufe, na kumhamishia mkato kwa kila lugha ni kumfundisha kuandika upya.

Kwa herufi za menyu, fungua faili la tafsiri uangalie alama iliyotumika: programu za GNOME, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, huweka mstari wa chini mbele ya herufi teule, na zile za KDE, mazingira mengine ya aina hiyo, huweka alama ya &. Kirusi hakina taabu, maana «_Файл» humfanya mtumiaji abonyeze Alt+Ф, na kitufe cha Ф anacho. Kijapani na Kichina hufuata njia nyingine. Herufi zao hutungwa kwa kubonyeza vitufe kadhaa, kwa hiyo herufi ya Kilatini huwekwa kwenye mabano baada ya jina, hivi: ファイル(_F). Ningeshauri njia hiyohiyo kwa Kiamhari, ambacho silabi yake ፋ kwa kawaida hupatikana kwa kubonyeza f kisha a, na hakuna mtu awezaye kushikilia Alt na silabi nzima kwa pamoja. Kwa Kiarabu, epuka لا kwa sababu kitufe chake, kile cha B kwenye kibodi ya Kiingereza, hutoa herufi mbili kwa mpigo mmoja. Ukimaliza, endesha kwenye faili lako la tafsiri msgfmt --check-accelerators=_ (msgfmt ni zana ya kukagua na kuunganisha faili za tafsiri) ili upate maingizo yaliyokosa alama. Amri hiyo haitakuonyesha vipengele viwili vya menyu moja vilivyopewa herufi ileile, hivyo kila menyu uifungue na kuikagua kwa macho.

Upande wa mwandishi wa programu ndio wenye mitego zaidi. Niliwahi kukaa nusu siku nikitafuta sababu ya Ctrl+C kutofanya kazi kwa mtumiaji wa Kirusi katika ukurasa nilioutengeneza mwenyewe, huku kumbukumbu za programu zikionyesha wazi kuwa kitufe kilichobonyezwa ni «c». Ilikuwa с ya Kisirili, yaani ya maandishi ya Kirusi. Kwenye kibodi ya Kirusi, kitufe cha C hutoa herufi ambayo kwa macho haina tofauti na yetu, ila katika Unikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, hiyo ni U+0441 na ya Kilatini ni U+0063. Tangu hapo huchapisha namba ya herufi badala ya herufi yenyewe.

Katika kivinjari, kila tukio la kibodi lina sifa mbili zinazokuhusu: key, yaani herufi iliyotoka, na code, yaani mahali pa kitufe, ambapo C huitwa KeyC hata mtumiaji anapoandika Kigiriki na kupata ψ. Usikimbilie kutumia code peke yake. Kwenye kibodi ya Kifaransa ya AZERTY, ambayo wasomaji wetu wa Kongo na Burundi wanaifahamu vizuri, Z iko mahali ambapo kibodi ya Kiingereza ina W, na mtu anayebonyeza Ctrl+Z atashangaa hakuna kilichotenguliwa. Basi soma key kwanza. Ikiwa ni herufi ya Kilatini, itumie, na ikiwa siyo, ndipo usome code.

Lugha zinazoandikwa kutoka kulia zinaongeza jambo la maonyesho. Mkato wa kukuza, Ctrl++, ukiwekwa ndani ya menyu ya Kiarabu hugeuka na kusomeka ++Ctrl, kwa kuwa alama ya kujumlisha haina mwelekeo wake na hufuata ule wa sentensi. Dawa yake ni kuuzungushia mkato wote alama mbili zisizoonekana, U+2066 mwanzoni na U+2069 mwishoni.

Usiitoe tafsiri kabla ya kuijaribu kwa kibodi ya lugha husika. Kwenye Linux inayotumia X11 (mfumo wa kuonyesha madirisha), setxkbmap -layout us,ru -option grp:alt_shift_toggle itakupa Kiingereza na Kirusi, ukibadilisha kwa Alt+Shift. Kwenye Windows ongeza lugha kupitia mipangilio. Mpangilio wa pili ukiwa umewashwa, jaribu kunakili, kubandika, kutengua na kuhifadhi, kisha fungua kila menyu kwa Alt. Kwa Kichina angalia pia Ctrl+Space, ambayo kwenye Windows huwasha na kuzima programu ya kuingizia herufi, hivyo amri yako iliyofungwa hapo huenda isikufikie kabisa. Halafu rudia jaribio lote Caps Lock ikiwa imewashwa, kwa sababu key sasa italeta «C» kubwa, na ulinganisho ulioandikwa kwa «c» ndogo utashindwa hata kwa Kiingereza.