Gari la Umeme kwa Safari za Kila Siku: Namna ya Kujiandaa, Kuchaji na Kulitunza

Anayefikiria kununua gari la umeme kwa kawaida huanza kwa kuuliza linakwenda kilomita ngapi likiwa limejaa. Ni swali la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni gari hilo litalala wapi, na mahali hapo pana umeme wa namna gani. Gari la mafuta hupelekwa kituoni, likajazwa kwa dakika chache na kuondoka. Gari la umeme hujazwa likiwa limeegeshwa, wakati mwenyewe amelala au yuko kazini. Ndiyo maana mwenye soketi nzuri karibu na maegesho yake huishi nalo kwa raha, ilhali asiye nayo hulazimika kupanga siku yake kwa kufuata chaja za umma. Kwa maoni yangu, asiye na uhakika wa mahali pa kuchaji nyumbani au kazini asinunue bado, hata kama gari lenyewe ni zuri kiasi gani. Aliyepanga nyumba au anayeishi ghorofani azungumze mapema na mwenye nyumba, apate ruhusa kwa maandishi, na wakubaliane mita itasomwaje na bili italipwa na nani.

Baada ya hapo inafuata hesabu, nayo si ngumu. Ukubwa wa betri hupimwa kwa kilowati-saa, ambazo ndizo uniti zile zile unazoziona kwenye mita ya umeme. Gari la ukubwa wa kawaida hutumia takriban kilowati-saa 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100. Mtu anayekwenda na kurudi kilomita 40 kwa siku hutumia basi kilowati-saa 6 hadi 8. Soketi ya kawaida ya volti 230 inayotoa ampea 10 humpa kilowati 2.3, yaani kilowati-saa 2.3 kwa kila saa, na hata ukihesabu umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, saa nne hivi za usiku humrudishia alichotumia mchana. Watu wengi hununua chaja ya ukutani kabla hawajapiga hesabu hii, kisha hugundua kwamba soketi ingewatosha.

Chaja ya ukutani ya ampea 32, ambayo hutoa kilowati 7.4, ina maana kwa anayeendesha masafa marefu kila siku, au kwa mwenye betri kubwa ambayo mara kwa mara hurudi nyumbani ikiwa karibu tupu. Betri ya kilowati-saa 60 ingechukua zaidi ya siku nzima kujaa kwenye soketi ya kawaida, lakini kwa chaja hiyo hujaa kwa takriban saa tisa. Kabla hujailipia, hata hivyo, angalia gari lako lenyewe linapokea kilowati ngapi. Umeme wa AC (mkondo geu) unaotoka ukutani hubadilishwa kuwa DC (mkondo mnyoofu, ambao ndio betri huuhifadhi) na kifaa kilichomo ndani ya gari, na kifaa hicho kina kikomo chake. Ukiliunganisha gari linalopokea kilowati 7 kwenye chaja ya kilowati 22, litachukua hizo 7 tu.

Nyaya za nyumba

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Pasi au birika huvuta umeme mwingi kwa dakika chache na kuacha, lakini gari huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, usiku, wakati hakuna anayeliangalia. Nyaya za zamani, skrubu iliyolegea nyuma ya soketi au soketi ya bei rahisi ambayo ingevumilia miaka mingi kwa matumizi mengine, huweza kuyeyuka kwa kazi hii. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, yenye swichi yake ya kinga, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na waya wa ardhi uliopimwa, si uliochomekwa tu ardhini kwa kukisia. Kwa chaja ya ampea 32, fundi kwa kawaida hutumia waya wa milimita 6 za mraba au mnene zaidi, kulingana na umbali kutoka kwenye ubao.

Usichaji kwa waya wa ekstensheni, hasa ule unaozungushwa kwenye gurudumu, kwa kuwa ukibaki umejikunja joto lake halipati pa kutokea. Siku za kwanza, baada ya gari kuchaji kwa nusu saa, gusa plagi na uso wa soketi kwa nyuma ya kiganja. Uvuguvugu si tatizo. Plagi ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuacha mkono juu yake, plastiki ikiwa imebadilika rangi na kuwa ya kahawia, au ukisikia harufu ya kuungua, zima umeme na usiendelee mpaka fundi aje. Magari mengi hukuruhusu kupunguza ampea kwenye skrini yake, na kwa nyumba yenye nyaya za wasiwasi, kuchaji taratibu kwa ampea 8 au 6 ni busara. Kebo nyingi za kuchajia pia hukataa kuwasha zikigundua kwamba waya wa ardhi haupo au haufanyi kazi; taa nyekundu ikiwaka kwa sababu hiyo, rekebisha waya wa ardhi, wala usikubali fundi yeyote akufanyie ujanja wa kuidanganya kebo.

Panapokatika umeme mara kwa mara, jiwekee kiwango cha chaji ambacho hutashuka chini yake, kwa mfano asilimia 40, ili usiku mmoja bila umeme usikukoseshe kazi kesho yake.

Plagi

Jambo hili huwaumiza zaidi wanaonunua gari lililoagizwa kutoka nchi nyingine. Plagi za magari haya hazifanani duniani kote. Ulaya hutumia Aina ya 2 kwa umeme wa AC na CCS2 kwa chaja za haraka. China ina GB/T. Amerika ya Kaskazini inahamia NACS. Na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kama Nissan Leaf, huja na Aina ya 1 pamoja na CHAdeMO. Adapta ya umeme wa AC ni kifaa rahisi na hufanya kazi vizuri. Adapta ya chaja za haraka ni jambo jingine, kwa sababu gari na chaja hulazimika kuwasiliana kwa lugha moja, na adapta zinazoweza kutafsiri kati yao ni ghali na si zote za kuaminika. Tazama chaja za umma za eneo lako zina plagi gani, kisha ndipo uchague gari.

Kuitunza betri

Zipo aina mbili za betri ambazo mwenye gari anapaswa kuzitofautisha, kwa kuwa hazitunzwi kwa namna moja. Betri za nikeli, manganizi na kobalti hudumu zaidi zisipojazwa mpaka juu kila siku. Weka kikomo cha asilimia 80 kwenye skrini na uache asilimia 100 kwa ajili ya safari ndefu. Betri za lithiamu, chuma na fosfeti huvumilia kujazwa, na watengenezaji wengi hushauri zijazwe mpaka asilimia 100 kila baada ya muda, mara nyingi mara moja kwa wiki. Sababu ni kwamba volti yake hubadilika kidogo sana kati ya kujaa na kuisha, hivyo kompyuta ya gari hupoteza hesabu ya chaji iliyobaki mpaka ipate mahali pa kuanzia upya. Kitabu cha gari kitakuambia una betri ipi.

Aina zote mbili huchoshwa na joto. Gari lililojaa kabisa na kuachwa juani siku nyingi huzeeka haraka kuliko lililoegeshwa kivulini likiwa na nusu. Ukisafiri kwa wiki kadhaa, liache karibu na asilimia 50. Usiliache likiwa karibu na sifuri.

Chaja za haraka za DC ni za safarini. Magari mengi ya sasa hupanda kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa takriban nusu saa au zaidi kidogo, kisha kasi hushuka sana kwa kuwa betri inajilinda, na zile asilimia 20 za mwisho huweza kuchukua muda sawa na zote zilizotangulia. Kwa safari ndefu, kusimama mara mbili kwa muda mfupi ni afadhali kuliko kusimama mara moja ukisubiri ijae, na anayesubiri nyuma yako atakushukuru.

Barabarani

Namba ya kilomita iliyomo kwenye tangazo ilipatikana katika vipimo vya maabara. Kinachoila zaidi ni mwendo, kwa sababu ukinzani wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kushuka kutoka kilomita 120 hadi 100 kwa saa kutakuongezea umbali kuliko kuzima kiyoyozi na kuvumilia joto. Baridi kali hupunguza umbali kwa robo au zaidi, kwa kuwa hakuna joto la injini la kupashia ndani. Pasha au poza gari likiwa bado limechomekwa, ili nishati hiyo itoke ukutani.

Ukiachia kanyagio la kuongeza mwendo, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri huku ikipunguza mwendo. Utazoea siku chache tu, ila kumbuka kwamba betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo. Ukianza safari kwa kuteremka mlima ukiwa na asilimia 100, gari halitajizuia kama ulivyozoea, na utahitaji breki za kawaida. Kwa kuwa breki hizo hutumika kwa nadra, diski zake hushika kutu. Zikanyage kwa nguvu mara moja moja mahali salama.

Matengenezo ni machache: hakuna oili ya injini wala plagi za cheche za kubadilisha. Yanayobaki ni maji ya breki, kipozeo cha betri kwa magari yaliyo nacho, filta ya hewa ya ndani, shokapu na tairi, ambazo huisha mapema kwa sababu gari ni zito na mota huvuta kwa nguvu tangu linapoanza kuondoka. Usiisahau ile betri ndogo ya volti 12. Ikifa, milango na skrini havitafanya kazi hata kama betri kubwa imejaa. Nyaya za rangi ya chungwa hubeba mamia ya volti na ni za fundi aliyesomea magari haya pekee. Gari likiharibika, libebwe juu ya lori; kuvutwa huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka huweza kuiunguza mota.

Ukinunua lililotumika

Dhamana ya betri kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, lakini mara nyingi haivuki mpaka wa nchi lilikouzwa, kwa hiyo uliza hilo kwa maandishi. Kisha ipime betri mwenyewe. Ukiwa na asilimia 90, futa hesabu ya matumizi kwenye dashibodi na uendeshe mpaka ibaki 50. Chukua wastani wa matumizi, tuseme kilowati-saa 16 kwa kilomita 100, na umbali uliokwenda, tuseme kilomita 100: umetumia kilowati-saa 16 kwa asilimia 40 za betri, yaani betri nzima sasa hubeba takriban 40. Kama gari hilo lilipokuwa jipya lilibeba 50, limebakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake, na bei utakayotaja ianzie hapo.