Mtoto ana homa, anachechemea, paja linauma: usimchue, huenda ni jipu la ndani ya msuli

Wazazi wenzangu wa Arusha na Moshi, mtoto alikuwa anacheza vizuri tu, mara anachechemea, usiku anachemka, ukimgusa paja analia. Wengi tunasema ameanguka huyo, anapewa panado, halafu bibi anamchua na mafuta ya moto. Naomba sana msimchue kabla hajaonwa na daktari.

Kuna jipu linaota ndani kabisa ya msuli, madaktari wanaliita payomayosaitisi, na mara nyingi linaletwa na bakteria stafilokokasi, huyu huyu wa majipu ya kawaida. Anapenda misuli mikubwa, paja, kalio, kigimbi, na mara nyingine inaanza baada ya mtoto kujigonga ndio maana tunadanganyika. Kinachosumbua ni kwamba siku za mwanzo ngozi haina wekundu wala kichwa cha jipu, maana usaha uko chini sana umefunikwa na utando wa msuli.

Mvue nguo, linganisha miguu yote miwili, bonyeza taratibu. Msuli wenye shida unakuwa umevimba kidogo na mgumu kama ubao. Angalia pia anavyolala, akikunja nyonga na hataki kabisa kuinyoosha basi usaha unaweza kuwa kwenye jointi ya nyonga au msuli wa ndani karibu na kinena, hapo usisubiri kesho, jointi inaharibika haraka. Akiwa amelegea, anapumua haraka au mikono na miguu ya baridi, hiyo ni dharura, bakteria anaweza kuwa ameshaingia kwenye damu.

Malaria apimwe, sawa, lakini mjini kwetu malaria ni chache, majibu yakitoka hana usirudi nyumbani ukaridhika. Nenda hospitali ya Mount Meru hapa Arusha, Mawenzi au KCMC kule Moshi, popote penye altrasaundi. Mwambie daktari lini homa ilianza, kama mtoto ana seli mundu (hao wanapata sana maambukizi ya mfupa, yanafanana na haya), na dawa zote alizopewa. Usinunue antibayotiki dukani ukampa nusu dozi, zinapunguza homa tu, usaha unabaki, na kuotesha damu (kipimo cha maabara cha kumtafuta bakteria kwenye damu) hakuoni kitu. Altrasaundi ya mwanzo ikionyesha uvimbe bila usaha na mtoto bado ana homa, omba irudiwe baada ya siku moja au mbili. Eksirei inasaidia kuangalia mfupa, ila mfupa ulioanza kuumwa juzi unaweza kuonekana mzima.

Matibabu: kama usaha haujajikusanya, antibayotiki ya mshipa kama kloksasilini inaweza kutosha. Ukishajikusanya lazima utolewe, kwa sindano au upasuaji, dawa peke yake hazitoshi, na usaha upelekwe maabara wajue dawa gani inamfaa kwa sababu kuna stafilokokasi sugu asiyesikia kloksasilini. Homa ikiendelea siku mbili tatu baada ya kutoa usaha, uliza kama kuna mfuko mwingine, wakati mwingine yanaota sehemu zaidi ya moja.

Mkiruhusiwa mtapewa vidonge vya nyumbani, dozi nzima mara nyingi inafika wiki tatu mpaka nne, na mtoto atakuwa ameshaanza kukimbia wiki ya pili, usiache. Kidonda kisafishwe zahanati, na daktari akiruhusu mnyooshe mguu kidogo kidogo kila siku ili goti lisikakamae.